Majengo matatu ya shule moja: lipi likarabatiwe, lipi libomolewe

Kisa hiki ni cha shule moja ya msingi ya umma. Jina, mahali na miaka vimeondolewa, na baadhi ya vipimo vimesogezwa kidogo ili shule isitambulike. Mfuatano wa matukio na sababu za maamuzi vimeachwa kama vilivyokuwa. Gharama zimeandikwa kwa pointi badala ya fedha: pointi 100 ni bei ya kusimamisha jengo jipya la ukubwa uleule, kuanzia msingi hadi paa, bila kitu kingine. Maneno hayo "bila kitu kingine" yatarudi mbele, maana nusura yaiponze shule.

## Hali ilivyokuwa

Shule ilikuwa na madarasa 16 katika majengo matatu. Jengo la Mawe, kongwe kuliko yote, lilikuwa na madarasa matano na ofisi ya walimu. Kuta zake za mawe zina unene wa milimita 450, zimeungwa kwa chokaa, na juu yake zimekaa kenchi 22 za mbao na mabati yaliyoshika kutu. Jengo la Ghorofa lilifuata kwa umri: madarasa manane, manne chini na manne juu, nguzo na bimu za zege, katikati kuta za matofali ya saruji. La mwisho, Jengo la Matofali, lilikuwa na madarasa matatu na stoo chini ya paa la asbesto, mabamba yenye nyuzi ambazo vumbi lake hudhuru mapafu.

Kwa macho, hukumu ilikuwa nyepesi. Jengo la Mawe lilinuka unyevu, lipu imemenyeka hadi usawa wa dawati, na dari ya darasa moja imelegea. Jengo la Ghorofa lilikuwa limepakwa rangi si muda mrefu, likiwa na madoa machache ya kutu chini ya bimu. Jengo la Matofali lilikuwa na nyufa mbili kwenye kona moja, na paa lililoonekana zima.

Pendekezo la kwanza likaandikwa hivi: libomolewe la Mawe, la Ghorofa lizibwe viraka na kuongezewa ghorofa moja ili kufidia madarasa yaliyopotea, la Matofali lipakwe rangi. Makadirio ya ukarabati yalikuwa pointi 71 kwa la Mawe, 38 kwa la Ghorofa na 22 kwa la Matofali. Kigezo kilichotumika ni kile cha theluthi mbili, ambacho jimbo la Ohio nchini Marekani, kwa mfano, limekitumia kwa shule zake: ukarabati ukizidi theluthi mbili ya bei ya jengo jipya, afadhali kujenga upya. La Mawe likavuka mstari kwa pointi chache, likahukumiwa.

## Mchoro ambao haukuwepo

Kilichosimamisha pendekezo ni swali dogo. Mhandisi aliyetakiwa kusaini michoro ya ghorofa ya nyongeza aliomba michoro ya nguzo za chini. Haikupatikana, wala kumbukumbu yoyote ya nondo zilizotumika au ya zege lililopimwa wakati wa ujenzi. Akakataa kusaini.

Alikuwa na haki. Tarehe 31 Oktoba 2002, huko San Giuliano di Puglia nchini Italia, tetemeko la ukubwa wa wastani liliangusha shule na kuua watoto 27 na mwalimu mmoja. Shule hiyo ilikuwa imeongezewa ghorofa juu ya kuta za zamani. Kupandisha uzito mpya juu ya kitu usichokijua ni kosa baya kuliko kuacha jengo bovu lilivyo, kwa sababu linawapa watu imani wakati huohuo linapowaongezea hatari.

Mamlaka inayomiliki shule ikakubali kutenga asilimia 1.5 ya bajeti yote kwa uchunguzi wa wiki tano. Wapo walioona ni fedha za kutupa, na hoja yao ilieleweka: fedha hizo zingetosha kununua mabati ya madarasa mawili.

## Uchunguzi

Jengo la Mawe lilianza, kwa kuwa ndilo lililokuwa limekwisha kuhukumiwa. Mafundi walipanda darini na kupima kila kenchi kwa bisibisi na nyundo. Bisibisi ikizama zaidi ya milimita 10 bila nguvu, mbao imeoza au imeliwa na mchwa. Nyundo ikitoa sauti butu badala ya mlio mkavu, ndani kuna tundu. Kenchi 18 kati ya 22 zilikuwa nzima kabisa. Nne zilikuwa zimeoza ncha tu, pale zinapoingia ukutani, na zote nne ziko upande ambao gata lilikuwa limetoboka. Kuta hazikuwa na ufa hata mmoja uliopita kwenye mawe yenyewe.

Unyevu nao ulikuwa na chanzo chake. Katika ukarabati wa zamani, kuta zilikuwa zimepakwa lipu ya saruji na juu yake rangi ya mafuta, ndani na nje. Ukuta wa mawe na chokaa hunyonya maji kutoka ardhini na kuyatoa kupitia uso wake. Ukiuziba kwa saruji, maji hayana pa kutokea, hivyo hupanda juu zaidi na kusukuma lipu itoke. Jengo lilikuwa linaugua dawa liliyopewa.

Jengo la Ghorofa lilichukua muda mrefu zaidi, na hapa utaratibu ulikuwa wa maana. Kwanza kifaa cha kutafutia nondo kilipitishwa juu ya nguzo na bimu, ili mashine ya kukata isije ikakata chuma, na ili kujulikana unene wa zege linalofunika nondo. Kwenye bimu unene huo, ambao mafundi huuita kava, ulikuwa milimita 12 hadi 18. Nondo zilikuwa zimelazwa karibu kugusa ubao wa chini, bila vipande vya kuzinyanyua.

Kisha zege likachongwa na uso mpya ukanyunyiziwa maji ya fenolfthalini. Penye ualkali wa kutosha dawa hii hugeuka waridi iliyokolea. Ualkali ukishuka chini ya takriban 9 kwa kipimo cha pH, haibadiliki rangi. Zege jipya lina pH ya kama 13, na katika hali hiyo nondo hujifunika utando mwembamba unaozuia kutu. Miaka inavyopita, hewa ya ukaa huingia taratibu kutoka nje na kuula ualkali huo. Katika bimu hizi, sehemu isiyogeuka rangi ilikwenda kina cha milimita 25 hadi 40, yaani ilikuwa imeshazipita nondo. Madoa machache ya kutu yalikuwa mwanzo tu, kwa kuwa nondo zote za chini zilikuwa zimekwisha poteza kinga. Kutu nayo huchukua nafasi mara mbili hadi sita ya chuma ilichokila, na ndiyo maana hubandua zege.

Nyundo ya kupimia zege ilikuwa imetumika miaka ya nyuma na kutoa megapaskali 24 (kipimo cha mgandamizo ambao zege huweza kuhimili), namba iliyowapa wengi amani. Nyundo hiyo hupima ugumu wa uso. Hewa ya ukaa inayoua ualkali ndiyo hiyohiyo inayougandisha uso uwe mgumu, kwa hiyo kwenye zege la zamani nyundo husifu kuliko inavyostahili. Safari hii zilikatwa silinda tisa za kipenyo cha milimita 100, sita kutoka nguzo za chini na tatu kutoka kwenye bimu, zikapondwa maabara. Nguzo zilitoa wastani wa megapaskali 13, na silinda dhaifu kuliko zote ilipasuka kwenye 9. Nguvu iliyodhaniwa kukusudiwa ilikuwa 20. Kanuni inayotumiwa na wahandisi wengi inataka wastani wa silinda tatu usishuke chini ya asilimia 85 ya nguvu iliyokusudiwa, na hata moja isishuke chini ya asilimia 75, ambayo hapa ingekuwa 17 na 15. Ndani ya silinda matundu yalionekana kwa macho, kokoto zimejitenga na uji wa saruji. Ni alama ya zege lililomiminwa likiwa na maji mengi na kushindiliwa kidogo.

Siku majibu yalipofika, ghorofa ya juu ilifungwa. Nguzo za chuma za muda zikasimamishwa chini ya bimu kila mita 1.5, zikakanyaga mbao pana ili zisitoboe sakafu. Wazazi walipewa barua siku hiyohiyo ikiwa na namba zote na maana yake. Uvumi ulikuwepo, lakini haukuishi zaidi ya wiki.

Kwenye Jengo la Matofali lilichimbwa shimo kando ya msingi, kwenye kona yenye nyufa. Msingi ulikuwa na kina cha milimita 600 tu, juu ya mfinyanzi mweusi, ule unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Mita nne kutoka kona hiyo ulisimama mti mkubwa. Katika kina cha mita 1.5 udongo wa upande wa mti ulikuwa na unyevu wa asilimia 19. Kona ya pili, mbali na mti, asilimia 31. Ufa mkubwa ulikuwa wa mshazari, milimita 9 juu na milimita 3 chini. Ufa unaopanuka juu kwenye kona humaanisha kona inazama.

Pande zote mbili za nyufa ziliwekwa skrubu, mbili upande mmoja na moja upande wa pili kwa umbo la pembetatu, umbali kati yake ukapimwa kwa kalipa kila wiki mbili, hata baada ya zile wiki tano za uchunguzi kwisha. Baada ya miezi minne badiliko lilikuwa milimita 0.4. Ripoti ikaandika kwamba ufa "umelala". Miezi hiyo minne yote ilikuwa ya mvua.

## Hesabu yapigwa upya

Kigezo cha theluthi mbili ni mgawanyo, na mgawanyo hudanganya kwa juu na kwa chini.

Chini, bei ya jengo jipya ilikuwa imeachwa uchi. Haikuwa na kubomoa na kuzoa kifusi (pointi 6), madarasa ya muda (9), wala kuhamisha maji, umeme, maji taka na njia za nje (8). Jengo jipya lilikuwa pointi 123, si 100. Juu, makadirio ya ukarabati wa la Mawe yalikuwa yameweka kenchi zote mpya na kuta zote kupigwa lipu, kwa sababu aliyekadiria hakupanda darini akajikinga kwa kuweka kila kitu. Kwa la Ghorofa ilikuwa kinyume: alikadiria alichokiona, na alichokiona kilikuwa rangi.

Baada ya marekebisho, ukarabati wa la Mawe ulishuka hadi pointi 52, sawa na asilimia 42 ya bei kamili ya jipya. La Ghorofa ulipanda hadi 97, asilimia 79. La Matofali 55, asilimia 45, ongezeko kubwa likitokana na paa la asbesto na kazi ya msingi.

Mpangilio uligeuka chini juu: lililokuwa la kwanza kubomolewa likawa la kwanza kubaki. Yafaa kuongeza kwamba hata kwa hesabu ya zamani, kama bei ya chini tu ingekamilishwa, la Mawe lingekuwa 71 kwa 123, yaani asilimia 58, na lisingevuka mstari. Jengo zima nusura livunjwe kwa kuwa mtu alisahau bei ya kuzoa kifusi.

## Maamuzi na sababu zake

La Mawe: likarabatiwe. Hapa hapakuwa na ubishi.

La Ghorofa lilijadiliwa njia nne. Ya kwanza ni kuchonga zege lililobanduka na kuziba viraka. Ilikataliwa kwa sababu kiraka kipya chenye ualkali huifanya nondo iliyo pembeni yake, ndani ya zege la zamani, ianze kula kutu kwa kasi zaidi; baada ya miaka michache hubanduka ukingoni mwa kiraka, na kazi huanza upya. Ya pili ni kuvalisha nguzo koti la zege la milimita 100 kila upande, nguzo ya 300 kwa 300 ikawa ya 500 kwa 500. Koti lazima lianzie kwenye msingi, hivyo sakafu ya chini yote ichimbwe, nguzo 16, na bimu bado zibaki dhaifu. Ya tatu ilivutia kweli: kuondoa ghorofa ya juu na kuezeka chini kwa paa jepesi. Ingepunguza mzigo kwa zaidi ya nusu. Lakini ilikuwa pointi 60 kwa madarasa manne tu, ndani ya zege lililokwisha poteza kinga. Ikabaki ya nne, kujenga upya.

La Matofali liliamuliwa libaki: mti ukatwe, asbesto iondolewe, mkanda wa zege uzungushwe juu ya kuta, nyufa zishonwe. Kuchimba msingi mpya chini ya ule wa zamani hadi mita 2.5 kulikuwa kwenye meza, kukaondolewa kwa kuwa ufa "umelala". Uamuzi huu ndio uliokuja kudai gharama.

## Utekelezaji

Madarasa yaliyobaki yalikuwa 12 kwa mikondo 16. Kwa wiki sita shule ilienda kwa zamu, wadogo asubuhi na wakubwa mchana, huku madarasa manne mepesi ya fremu za chuma yakijengwa juu ya sakafu ya kudumu. Yalichorwa tangu mwanzo yaje kuwa maktaba na karakana, kwa hiyo fedha za "muda" hazikupotea.

Jengo jipya la madarasa manane liliwekwa kwenye uwanja wa michezo, si mahali pa lile la zamani. Watoto walibaki walipo hadi jipya lilipokamilika, wakahama mara moja, ndipo la zamani likabomolewa na kiwanja chake kuwa uwanja mpya. Gharama yake ni kukosa uwanja kwa mwaka na zaidi. Magari ya mkandarasi yalipewa lango lao na kukatazwa kuingia nusu saa kabla na baada ya kengele za asubuhi na jioni.

Jambo lililofanyika vizuri kuliko yote halikugharimu karibu chochote. Ukuta wa aina hii hukauka kwa kasi ya takriban mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene. Ukuta wa milimita 450, ukikaukia pande zote mbili, unahitaji kama miezi tisa. Basi gata zilibadilishwa na lipu ya saruji ikabanduliwa mwanzoni kabisa, nje kote, na ndani hadi mita moja juu ya mstari wa unyevu. Kuta zikakauka wakati jengo jipya linajengwa. Watoto walisoma kati ya mawe matupu na hakuna aliyelalamika, isipokuwa kwa vumbi la chokaa. Madarasa mawili tu hayakubanduliwa ndani, kwa kuwa yalitumika kwa mitihani.

Kenchi nne zilikatwa hadi milimita 300 ndani ya mbao nzima, zikaungwa kwa mbao mpya pande mbili na bolti za milimita 16. Ncha mpya ziliachiwa nafasi ya hewa ukutani badala ya kuzikwa kwenye chokaa. Paa lilifungwa kwenye kuta kwa mikanda ya chuma ya milimita 30 kwa 5, kila mita mbili, kazi ambayo haikuwahi kufanywa. Kabla ya hapo mabati yalishikiliwa na uzito wake tu. Lipu mpya ilikuwa ya chokaa, mchanga tatu kwa chokaa moja, tabaka za milimita 10. Nyaya zote za umeme zilitolewa: zilikuwa za waya mbili bila waya wa ardhi, na ganda lake lilivunjika likikunjwa kwa vidole.

Paa la asbesto liliondolewa wakati wa likizo. Mabamba yalilowanishwa, bolti zikakatwa badala ya mabamba kuvunjwa, yakashushwa mazima, yakafungwa kwa nailoni nzito mara mbili na kupelekwa dampo lenye kibali. Wafanyakazi walitembea juu ya mbao zilizolazwa kwenye mihimili, maana bamba la asbesto halionyi kabla ya kuvunjika. Ambacho hakikukadiriwa ni ardhi. Chini ya michirizi, vipande vilivyodondoka miaka yote vilikuwa vimechanganyika na udongo, ikabidi milimita 50 za juu zikwanguliwe kuzunguka jengo lote na kufungashwa vilevile.

Kwenye jengo jipya, nguzo tatu za chini zilitoka na mashimo kama ya sega la asali siku mbao zilipofunguliwa. Zilivunjwa na kumiminwa tena. Mkandarasi alipendekeza kuzipaka uji wa saruji, na pengine mtu asiyejua kilichokutwa kwenye silinda za jengo la zamani angekubali.

## Matokeo

Kazi ilipangwa miezi 20, ikaisha kwa 26. Jengo jipya peke yake lilichukua 14 badala ya 10. Bajeti ilizidi kwa asilimia 11, karibu nusu ya ziada hiyo ikiwa udongo wenye asbesto na nguzo tatu zilizorudiwa, na iliyobaki ni kuchelewa.

Baada ya miaka mitatu ya matumizi, Jengo la Mawe limekauka. Madarasa mawili ya mitihani, ambayo lipu yake ya ndani ilibanduliwa mwishoni na kupigwa mpya baada ya miezi mitatu tu, yalitoa unga mweupe wa chumvi na kumenyeka ndani ya mwaka. Yakabanduliwa tena, yakaachwa yakauke, yakapigwa upya. Sasa yametulia.

Jengo la Matofali lilipasuka miezi minane baada ya kukabidhiwa. Ufa mpya ulitokea mita mbili kutoka ule wa zamani, ukielekea upande wa pili.

## Kilichofanya kazi na kilichoharibika

Kosa la Jengo la Matofali linastahili kuelezwa hatua kwa hatua, kwa sababu kila hatua peke yake ilionekana ya busara. Ufa kwenye mfinyanzi hupumua na majira: hufunguka wakati wa ukame na kufunga wakati wa mvua. Kuupima miezi minne ndani ya mvua ni kumpima mgonjwa homa akiwa ameshameza dawa. Kipindi cha chini kabisa ni miezi 12, ili majira yote yapite. Pili, mti ulikuwa umenyonya maji kwa miaka mingi na udongo ulikuwa umesinyaa chini yake. Ulipokatwa, maji yalirudi, udongo ukavimba, kona ikaanza kupanda, na kupanda huko huweza kuendelea miaka kadhaa. Tatu, ufa wa zamani ulikuwa umejazwa saruji ngumu na kushonwa kwa vyuma vya msokoto vya milimita 6, nusu mita kila upande, kila milimita 450 kwenda juu. Kushona kulikuwa kwa kiwango, lakini kona ilipopanda, ule ufa ulitakiwa kufunga. Saruji ilikaa ndani yake kama kabari, na ukuta ukatafuta pengine pa kupasukia. Mti huo ungepaswa kupunguzwa matawi kwa awamu huku vipimo vikiendelea, au ukatwe na nyufa ziachwe wazi, zimezibwa kwa kitu laini tu, hadi udongo utulie.

Kilichookoa mradi ni kuuliza swali kwa kila jengo, hata kwa kila kiungo cha jengo, badala ya kuiuliza shule nzima. Umri haukueleza chochote hapa. Uingereza mwezi Agosti 2023 iliamuru shule zaidi ya 100 zifunge majengo au sehemu zake siku chache kabla ya muhula kuanza, kwa sababu ya zege jepesi lenye mapovu lililotumika sana kati ya miaka ya 1950 na 1990, wakati shule nyingi zilizojengwa kabla ya hapo hazikuguswa. Kinachoamua ni nini kilitumika, kilifanywaje, na maji yamekuwa yakipita wapi.

Hesabu ya kugawanya nayo isitupwe. Ina faida ya kulazimisha watu kuandika namba. Ila pande zote mbili za mgawanyo ziandikwe na mtu mmoja, kwa orodha moja ya vitu. Kama madarasa ya muda yamo juu, yawemo na chini. Na fungu la dharura lifuate kiasi cha usichokijua: asilimia 10 inatosha kwa jengo jipya kwenye kiwanja kilichochunguzwa, lakini ukarabati wa jengo ambalo halijafunguliwa hauwezi kuandikwa chini ya asilimia 20 bila kudanganyana.

Uchunguzi wenyewe ulikuwa na pengo. Silinda tisa zilitosha kulihukumu la Ghorofa kwa sababu majibu yalikuwa mabaya kupita kiasi. Kama wastani ungekuwa 16 badala ya 13, tisa zisingetosha kusema lolote, na wiki tano zingegeuka kumi. Mpango wa uchunguzi ungefaa uwe na awamu ya pili iliyokwisha tengewa fedha, itumike au isitumike.

Matunzo ndiyo sehemu dhaifu iliyobaki. Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilipendekeza mwaka 1990 kwamba taasisi za umma zitenge kila mwaka asilimia 2 hadi 4 ya thamani ya kujenga upya majengo yao. Shule hii iliahidiwa 2 na imekuwa ikipata karibu moja. Fedha hizo zimeelekezwa kwenye gata na mitaro kwanza, rangi mwisho, na huo ni mpangilio sahihi: kenchi nne ziliharibiwa na matundu ya gata ambayo mtu mwenye ngazi angeyaziba asubuhi moja.

Jengo la Matofali lina skrubu mpya kwenye nyufa zote mbili, zinapimwa kila mwezi, na madarasa yake yanatumika. Nyufa zimezibwa kwa kitu laini. Imekubaliwa kwa maandishi kwamba vipimo vitakwenda miezi 24. Kona ikipanda chini ya milimita 2 katika nusu mwaka ya mwisho, ule ufa wa kwanza utafunguliwa, saruji itolewe, na ukuta ushonwe upya. Ikizidi hapo, madarasa matatu yatahamia kwenye yale mepesi ya fremu za chuma, maktaba ingoje, na jengo livunjwe.